Nyumba bila ardhi: data za watu wetu ziko kwenye kiwanja cha nani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Likoni mbele ya vijana na viongozi wa mashirika ya kijamii. Tumeyaweka hapa kwa wale waliokosa kufika. Soma, kisha msambazie mwenzio.



Wazee wangu, mashekhe, kina mama, na nyinyi vijana wa Mtongwe, Timbwani, Bofu na Shika Adabu, shukran kwa kuja. Wengine mmevuka na feri, na foleni ya feri mwaijua wenyewe. Sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huona ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Je, shirika lisilo la biashara, kama haya yetu, liweke data zake kwenye klaudi ya kampuni kubwa, au liwe na seva yake lenyewe?

Nawaomba msilione ni la mafundi. Wacha niseme kwa nini.

Mama amekuja ofisini. Mwanawe alichukuliwa usiku, hajulikani alipo. Mmoja wenu amempa kiti, amempa maji, kisha ameanza kuandika: jina la mama, nambari ya simu, mtaa, jina la mtoto, jina la jirani aliyeona gari, jina la wakili. Yote yakaingia kwenye fomu ya simu au kwenye laptopu. Mama akaondoka akiamini kwamba siri yake iko kwenu.

Sasa nawauliza: iko kwenu kweli? Fomu ile iko wapi saa hii tunapozungumza? Wengi wetu jawabu letu litakuwa, "Iko kwenye klaudi." Na klaudi si mawingu, ndugu zangu. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine, ndani ya jengo la mtu mwingine, katika nchi ambayo pengine huijui. Amekuruhusu uweke mzigo wako pale, ama kwa malipo, ama bure kwa masharti yake.

Hapa Mombasa hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha maana ya hali hiyo. Twaijua kwa jina: nyumba bila ardhi. Likoni, Kisauni, Changamwe, Majengo, wazee wetu wamejenga nyumba kwa jasho lao, mabati yao, mawe yao, milango yao, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi walipa kodi ya ardhi. Siku mwenye kiwanja akiuza, au akifa warithi wakaja na maneno mengine, wewe na nyumba yako mwaanza kuhangaika. Nyumba ni yako, lakini huna pa kuisimamisha.

Data kwenye klaudi ya kibiashara ni nyumba bila ardhi. Faili ni zako, kazi ni yako, majina ni ya watu wako. Lakini mwenye kiwanja ndiye mwenye neno la mwisho.

Sisemi klaudi ni haramu, wala sisemi kila shirika likanunue seva kesho. Kuishi kwenye nyumba bila ardhi si kosa. Maelfu wameishi na wamelea. Kosa ni kutojua kwamba ardhi si yako. Kwa hivyo tuziangalie hoja moja moja, za upande huu na za upande ule, kisha kila mtu aamue kwa macho wazi.

Hoja ya kwanza ni nani aweza kukufukuza.

Mwezi wa Desemba 2010 Amazon iliitoa WikiLeaks kwenye seva zake baada ya shinikizo la kisiasa kule Marekani. Uipende WikiLeaks usiipende, jambo la kujifunza ni kwamba haikuwa amri ya mahakama. Mwenye kiwanja alisema ondoka, na wakaondoka.

Tuje karibu na nyoyo zetu. Septemba 2025 Marekani iliyawekea vikwazo mashirika matatu ya haki za binadamu ya Palestina: Al-Haq, Al Mezan na PCHR. Baadaye YouTube ikafuta akaunti zao, na pamoja nazo zikaondoka video zaidi ya 700. Zilikuwa kumbukumbu za miaka: ushahidi, mahojiano, nyumba zilizobomolewa. Kampuni ilisema inafuata sheria ya vikwazo ya nchi yake, na kweli kampuni ya Marekani yabanwa na sheria ya Marekani. Hiyo ndiyo hoja yangu. Ushahidi wa watu wa Gaza na Ukingo wa Magharibi ulikuwa umesimama kwenye kiwanja cha watu waliowajibika kwa mahakama nyingine na serikali nyingine.

Aliyekuwa na nakala nyumbani kwake hakupoteza kumbukumbu. Amepoteza watazamaji tu, na hao waweza kurudi. Aliyekuwa hana nakala amepoteza vyote viwili.

Hoja ya pili ni sheria ya nani inayotawala.

Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act. Kwa ufupi, mahakama ya Marekani ikitoa amri inayofaa, kampuni ya Marekani yaweza kulazimishwa itoe data iliyo mikononi mwake hata kama seva yenyewe iko nje ya Marekani. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Usijali, kampuni ina seva Afrika Kusini," muulize swali la pili: kampuni ni ya nani? Mahali pa seva ni jambo moja, na mwenye seva ni jambo lingine.

Na sisi tuna sheria yetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilitiwa sahihi Novemba 2019. Inasema data nyeti haiwezi kuchakatwa nje ya nchi ila kwa ridhaa ya mwenyewe na kwa uthibitisho kwamba kuna ulinzi unaofaa. Data nyeti ni nini? Sheria imetaja, miongoni mwa mengine, afya, kabila, imani, alama za mwili kama vile za vidole, hali ya ndoa, mali, na majina ya familia: wazazi, watoto, mke au mume. Sasa tazama ile fomu ya mama. Kuna mstari gani pale usio nyeti?

Hapa lazima tuwe wakweli kwa nafsi zetu. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, mashirika ya kiraia yakaenda mahakamani, Nubian Rights Forum wakiwa mbele. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango hauwezi kuendelea bila kanuni madhubuti za kulinda data za watu. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba serikali ilipaswa kufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu kabla ya kutoa kadi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ukimuuliza jirani swali, jiandae kuulizwa lile lile. Shirika letu limefanya tathmini hiyo? Fomu zetu zinamwambia mama kwamba maneno yake yanakwenda kukaa nchi nyingine? Ama twasubiri siku moja atuulize yeye?

Hoja ya tatu ni pesa.

Klaudi huanza na bure. Bure hiyo huisha nafasi inapojaa, au mfadhili anapoondoka, au kampuni inapobadilisha masharti kwa mashirika. Kisha bili huja kwa dola. Tuseme mwalipa dola 40 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 102, kwa hivyo mlilipa kama 4,080. Januari 2024 dola ilifika karibu 160. Dola zile zile 40 zikawa 6,400. Baadaye shilingi ikapata nguvu ikarudi karibu 130, bili ikawa 5,200. Huduma ni ile ile, faili ni zile zile, lakini bajeti yenu inacheza kama ngalawa kwenye kusi. Shirika dogo lililopewa msaada kwa shilingi haliwezi kupanga mwaka hivyo.

Upande wa pili, kompyuta ndogo ya kutumika kama seva ya ofisi hula stima kidogo. Tuseme wati 20, iwake usiku na mchana mwezi mzima. Hizo ni uniti 14 na kidogo. Ukipiga hesabu ya shilingi 30 kwa uniti, ni kama shilingi 430 kwa mwezi. Kompyuta wanunua mara moja, hadi diski mbili mara moja. Lakini wacha niwe mkweli: gharama kubwa ya seva yako mwenyewe si stima wala mashine. Ni mtu. Mtu wa kuiangalia, kuziba mianya, kuhakikisha nakala ziko. Asiyehesabu mshahara wa huyo mtu amejidanganya.

Hoja ya nne ni njia.

Mombasa ndio mlango wa intaneti ya nchi hii. Mwaka 2009 SEACOM na TEAMS zilitua hapa, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na nyingine zimefuata. Nyaya zenyewe zapita chini ya bahari hii tunayovua samaki. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini hapa ilitupa nanga mahali pasiporuhusiwa, ikakata TEAMS, na watu hadi nchi jirani wakaona intaneti inakokota. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zikayumba. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano makubwa ya mswada wa fedha, mtandao uliyumba tena nchi nzima, na makampuni yakasema ni hitilafu ya nyaya za baharini.

Sasa fikirini. Siku kama ile ndiyo siku shirika la haki linahitaji faili zake zaidi: nambari za mawakili, orodha ya waliokamatwa, fomu za majeruhi. Kama kila kitu kiko ng'ambo, umeketi ofisini Likoni ukitazama kiduara kinazunguka. Kama seva iko kwenye chumba cha pili, unaunganisha kwa waya au kwa waifai ya ndani na kazi inaendelea, hata intaneti ya nje ikiwa imekufa.

Hizo ni hoja za kuwa na seva yako. Sasa twende upande wa pili, maanake mtu asiyesikiliza upande wa pili hana tofauti na anayepiga debe stendi.

Nawarudisha April 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika 86, na ndani yake yalikuwemo mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, MUHURI na HAKI Africa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Mwezi huo huo maafisa wa mamlaka ya kodi wakaingia ofisini mwao, wakachukua nyaraka za fedha na hadi diski za kompyuta. Ilikuwa hadi Novemba 2015 ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru akaunti zifunguliwe, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa kuwaunganisha na ugaidi.

Kisa hiki kina masomo mawili, na yanakwenda njia mbili tofauti. Wengi husimulia moja tu.

La kwanza: aliye na data zote kwenye kompyuta za ofisini, siku ofisi ikiingiliwa, data zimekwenda. Mlango ni mmoja, akija mwenye nguvu azibeba zote kwa mkono mmoja. Kwa mtu huyo, nakala iliyoko nje ya jengo, hata ikiwa kwenye klaudi, ingekuwa mkombozi.

La pili: akaunti ya benki ikifungwa kuanzia April hadi Novemba, nani analipa bili ya klaudi? Klaudi ya kibiashara haijui mahakama ya Mombasa. Kadi ikikataa mara ya kwanza unapata barua pepe. Ikikataa tena, huduma inasimamishwa. Muda uliowekwa ukipita, data zafutwa. Kwa hiyo aliyetegemea klaudi peke yake naye angeweza kufika siku ya kushinda kesi akiwa hana faili za kufanyia kazi.

Mwaona? Swali si "klaudi au seva yangu". Swali ni, "Ni mkono mmoja gani ukifunga, mimi nimekwisha?" Ikiwa upo mkono kama huo, uwe wa benki, wa kampuni, wa askari, wa mwizi au wa moto, basi mpango wako una tundu.

Moto nao si mzaha. Machi 2021 jengo zima la seva la kampuni ya OVH liliteketea kule Strasbourg, Ufaransa. Wateja wengi walikuja kugundua siku hiyo kwamba hawakuwa wamelipia nakala za akiba, au nakala zilikuwa karibu mno na moto ule ule. Kampuni kubwa, mafundi wengi, na bado.

Na msidhani seva yako mwenyewe ni ngome. Internet Archive, shirika lisilo la biashara la San Francisco linalohifadhi kurasa za mtandao za dunia nzima, lina seva zake na majengo yake. Oktoba 2024 lilivamiwa na wadukuzi, taarifa za akaunti milioni 31 zikaibwa. Na Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, Januari 2022, liligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye data za zaidi ya watu 515,000. Hawa walikuwa watu gani? Waliopotezana na familia zao kwa vita, safari na majanga, waliopotea, waliofungwa. Ni watu wa hali kama ya yule mama. Seva zilikuwa kwa kampuni ya nje huko Uswisi. Tundu waliloingilia lilikuwa limeshajulikana na dawa yake ipo, lakini halikuwa limezibwa, na wezi walikaa ndani siku 70 kabla ya kuonekana.

Kwa hiyo anayekwambia "nunua seva utakuwa salama" anakudanganya, na anayekwambia "tia kwenye klaudi usahau" anakudanganya pia. Usalama ni mtu anayeangalia kila wiki.

Kuna wanaosema haya si mambo ya watu wa hali yetu. Hapo ndipo nakataa, kwa sababu historia yetu yasema vingine.

Barua pepe Kenya haikuanzishwa na makampuni makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mashirika ya mazingira cha ELCI, Nairobi, kilikuwa kikiendesha kompyuta yake ya kupokea na kutuma barua kwa laini ya simu, kwa mfumo wa Fidonet, na madaktari walikuwa na HealthNet yao. Watu wa mashirika, kwa vyombo vya kawaida, wakati biashara bado haijaona faida yoyote pale.

Tena, zamani barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani yake, kama wanatumia watoa huduma tofauti, ilipanda setilaiti ikaenda Marekani au Ulaya kisha ikarudi. Ni kama kutoka Likoni kwenda Posta ukapitia Uingereza! Mwaka 2000 watoa huduma wakaungana wakaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi, KIXP. Telkom Kenya ililalamika kwamba yenyewe ndiyo yenye haki, na kituo kikafungwa baada ya muda mfupi. Hawakukata tamaa. Mwaka 2002 kikafunguliwa tena, na leo mawasiliano ya ndani hukaa ndani.

Na vyuo vikuu vyetu vina KENET, mtandao usio wa biashara ulioanza mwaka 1999. Badala ya kila chuo kununua intaneti na seva kivyake, viliungana. KENET huvihudumia vyuo na taasisi za utafiti, huvipa intaneti na mahali pa kuweka mitambo yao. Huo ni ushirika. Kama maprofesa wameweza kukaa meza moja, sisi twashindwa nini?

Duniani nako, Wikipedia mnayoisoma kila siku yaendeshwa na shirika lisilo la biashara lenye seva zake lenyewe. Limekodi nafasi kwenye vituo vya data, lakini mashine ni zake. Limekodi chumba, halikukodi akili. Njia hiyo ipo hapa pia. Mombasa ina vituo vya data vya kibiashara, kwa sababu nyaya zatua hapa. Mashirika matano au sita yaweza kuchangiana seva moja, ikakaa mahali penye jenereta na ulinzi, na funguo zikabaki mikononi mwao.

Sasa tufanye nini? Mimi nashauri mgawe data zenu mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la hadharani: taarifa kwa magazeti, mabango, video za mikutano, matangazo ya mafunzo. Haya yaacheni kwenye klaudi na mitandao ya kijamii bila wasiwasi, maanake yametengenezwa ili yaonekane. Ila wekeni nakala nyumbani, mkikumbuka zile video 700.

Fungu la pili ni la ofisi: bajeti, mishahara, ripoti za wafadhili, kumbukumbu za vikao. Hapa mwaweza kutumia seva ya ofisini au klaudi, mkichagua kwa hesabu ya pesa na uwezo wa fundi wenu. Programu huria zipo, kama Nextcloud kwa faili. Hazina ada ya leseni.

Fungu la tatu ni amana: majina ya mashahidi, fomu za familia, rekodi za matibabu, mazungumzo na mawakili. Hili liwe mahali mnapopamudu wenyewe, diski ikiwa imesimbwa, yaani imefungwa kwa nywila kiasi kwamba atakayeibeba atakuwa amebeba chuma tu. Fomu za uchunguzi mwaweza kuzikusanya kwa KoboToolbox iliyowekwa kwenye seva yenu, au kwa Ushahidi, programu iliyozaliwa hapa hapa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, na ambayo yeyote aweza kuichukua na kuisimika mwenyewe.

Kisha kuna kanuni ya nakala, na hii andikeni. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Moja kwenye seva, moja kwenye hadi diski ndani ya kabati, na moja mbali: kwa wakili, kwa shirika rafiki ng'ambo ya kivuko, au hata kwenye klaudi, mradi imesimbwa kabla ya kuondoka kwenu na funguo hamkuzipeleka huko. Hapo mwenye kiwanja amebaki mlinzi wa sanduku lililofungwa. Hajui kilichomo.

Na jambo dogo lakini kubwa: jina lenu. Kama anwani ya shirika ni ya bure inayoishia na jina la kampuni, siku akaunti ikifungwa mmepotea. Sajilini jina lenu wenyewe. Kuna majina ya.or.ke kwa ajili ya mashirika yasiyo ya biashara. Ukiwa na jina lako, waweza kuhama seva leo na kesho watu wakakukuta pale pale. Na lisajiliwe kwa jina la shirika, si la kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo mwaka ule.

Kulikuwa na maswali, na nayajibu kwa ufupi.

Mmoja aliuliza kuhusu stima. Ni kweli, tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza, na katika mitaa yetu stima kukatika si habari. Seva ya ofisi yataka betri ya akiba inayoipa muda wa kuzimika vizuri, maana kuzimika ghafla ndiko kunakoua diski. Mashine ndogo ya wati 20 yaweza hata kuendeshwa kwa sola. Lakini kama kazi yenu yataka tovuti iwe hewani saa 24, hiyo tovuti msiiweke ofisini.

Dada mmoja aliuliza, je, na barua pepe tuiendeshe wenyewe? Jawabu langu ni hapana, kwa sasa. Barua kutoka seva ndogo mara nyingi hutupwa na makampuni makubwa kwenye pipa la taka hata kama ni za halali. Lipieni huduma nzuri mkitumia jina lenu wenyewe, na msitume majina ya mashahidi kwa barua pepe.

Na mzee mmoja aliuliza swali lililonipendeza: "Fundi akiondoka na nywila?" Mzee, hilo ndilo swali la mwanzo kabisa. Seva inayojulikana na mtu mmoja ni mbaya kuliko klaudi. Wawili wajue, maelekezo yaandikwe, nywila zifungwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya mwenyekiti, na kila miezi mitatu mjaribu kurudisha faili kutoka kwenye nakala. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Msipokuwa na watu wawili wa kazi hiyo, msianze na seva. Anzeni kwa kufundisha watu.

Ndugu zangu, kwetu sisi amana ni neno zito. Mtu akikuachia pesa zake ukazipoteza kwa uzembe, mtaa mzima utakuita jina. Sasa yule mama hakuacha pesa. Ameacha jina la mwanawe na jina la jirani aliyethubutu kusema aliyoyaona. Likipotea, kesi imepotea. Likivuja, jirani yuko hatarini.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja tu, na haina gharama. Kila shirika likae chini na karatasi, liandike: tuna data gani, ziko wapi, nani ana funguo, na nani akitaka aweza kutufungia. Mkimaliza, leteni karatasi hizo kwenye kikao kijacho, bila majina ya watu ndani yake. Tutaziweka mezani, tuone ni mashirika mangapi yako tayari kuchangia seva moja ya pamoja, na ni vijana gani wako tayari kufundishwa kuiangalia.